Kazi, Cheo na Maradhi ya Moyo: Nani Anaumia Zaidi?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, akianguka ghafla mtu mwenye cheo, mitaani kwetu husemwa: "Presha hiyo, mambo mengi kichwani." Akianguka mlinzi wa usiku au mfagiaji, husemwa kuwa siku zake zimefika, na habari ikaishia hapo. Ni kweli kuwa hakuna afaye kabla ya muda wake. Lakini ni kosa kudhani kuwa dhiki ya kazi humuumiza mkubwa peke yake, na kosa hili linatugharimu roho za watu.

Si muda mrefu tulihudhuria maziko ya ndugu yetu mmoja aliyekuwa mlinzi wa usiku. Ameacha mjane na watoto wadogo. Baada ya maziko, mwanawe mkubwa alituambia kuwa baba yake alikuwa akilalamika kifua kwa wiki kadhaa. Kila akiombwa aende hospitali alijibu kuwa akikosa zamu moja mshahara hukatwa, na kwamba presha ni maradhi ya wakubwa. Tumeandika makala hii kwa ajili ya familia zenye mtu kama huyo ndani ya nyumba, na kwa ajili ya kila mwenye mtu anayemfanyia kazi.

Dhiki ya kazi inavyoufikia moyo

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanaadamu na njia ya kujihami. Mtu akishtuka au akitishika, mwili humwaga homoni zinazouharakisha moyo, zinazobana mishipa ya damu na kupandisha sukari ili apate nguvu ya kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Hiyo ni rehema.

Tabu huanza pale hatari isipopita. Mfanyakazi anayekaripiwa kila siku, asiyejua kama kesho ataitwa kazini, au anayebebeshwa kazi ya watu watatu, mwili wake haupati nafasi ya kutulia. Presha hubaki juu, usingizi hupungua, sukari na mafuta kwenye damu huharibika. Baada ya miaka, mishipa inayolisha moyo huwa migumu na hujenga utando wa mafuta kwa ndani. Utando huo ukipasuka damu huganda, mshipa huziba, na sehemu ya moyo hukosa damu. Huo ndio mshituko wa moyo. Ikiwa mshipa ulioziba au kupasuka ni wa ubongo, huwa kiharusi.

Ipo pia njia ya pili. Mtu aliyechoka na kudhikika huvuta sigara zaidi, hula chochote kilicho karibu, hukosa muda wa kutembea, na husahau dawa zake. Kwa hivyo dhiki ya kazi huuumiza moyo kwa njia ya moja kwa moja na kwa njia ya mwenendo wa maisha.

Walichokiona watafiti London

Uchunguzi unaotajwa sana katika mlango huu ulifanywa kwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Unaitwa Whitehall, kwa jina la mtaa wa London wenye ofisi za serikali. Ulianza 1967 na ukawafuatilia wanaume zaidi ya 17,000. Mmoja wa watafiti walioufanya ujulikane ni daktari Michael Marmot.

Utumishi ule ulikuwa na madaraja yanayojulikana. Juu kabisa walikuwa watawala, chini yao wataalamu na maofisa, kisha makarani, na chini kabisa matarishi na mabawabu. Wazee wetu waliofanya kazi maofisini wakati wa ukoloni wa Kiingereza hawatashangazwa na ngazi hizo.

Wengi walitarajia kuwa watawala, wenye maamuzi mazito, ndio wangekufa zaidi kwa moyo. Ikawa kinyume chake. Vifo vya maradhi ya moyo kwa wale wa daraja la chini kabisa vilikuwa zaidi ya mara tatu ya vile vya daraja la juu. Na hayakuwa mambo ya maskini na tajiri tu, kwani hata waliokuwa daraja la pili walikuwa na hali mbaya kuliko wa kwanza, na wa tatu kuliko wa pili. Hatari ilipanda kadiri cheo kilivyoshuka, ngazi kwa ngazi.

Hapa lazima tuzingatie jambo. Watu hawa wote walikuwa na kazi ya ofisini yenye mshahara wa kila mwezi. Hawakuwa wakibeba magunia bandarini wala kuvuta moshi wa kiwandani. Matibabu ya serikali nchini mwao yalikuwa bure kwa wote tangu 1948. Watafiti walipotazama sigara, presha na mafuta kwenye damu, waliona kuwa mambo hayo yanaeleza sehemu tu ya tofauti, isiyofika nusu. Sehemu iliyobaki ilitaka maelezo mengine.

Ndipo 1985 ukaanza uchunguzi wa pili, safari hii wa wanaume na wanawake 10,308. Waliulizwa kuhusu kazi yenyewe: una kauli gani juu ya namna unavyoifanya? Unasaidiwa? Unatendewa haki? Matokeo yaliyotolewa 1997 yalionyesha kuwa kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyoeleza kwa nini walio chini huugua moyo zaidi. Matokeo mengine ya 2006 yalionyesha kuwa waliokaa na dhiki ya kazi kwa miaka mingi walipatwa mara mbili zaidi na mkusanyiko wa matatizo ya kitambi, presha, sukari na mafuta, ambao ndio mlango wa maradhi ya moyo.

Kazi ya namna gani inaumiza?

Wingi wa kazi peke yake hauelezi madhara yote. Tunaweza kuyataja mambo matano.

La kwanza ni *mzigo mkubwa bila ya kauli*. Mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alieleza 1979 kuwa kazi inayodhuru zaidi ni ile inayodai mengi huku haimpi mfanyakazi nafasi ya kuamua lolote. Mkubwa ana kazi nyingi, lakini anaweza kusema "hili tulifanye kesho". Anayesafisha vyumba vya hoteli hana la kusema. Idadi ya vyumba amepangiwa, saa amepangiwa, na mgeni akilalamika lawama ni zake.

La pili ni *jasho lisilolipwa ipasavyo*. Mtafiti Johannes Siegrist aliliweka wazi katika miaka ya 1990: mtu anapotoa juhudi kubwa na kurudishiwa kidogo, moyo wake huwa hatarini. Na malipo si fedha tu. Heshima, shukrani na uhakika wa kazi vyote vimo ndani yake.

La tatu ni *dhulma*. Katika watumishi wale wa London, wanaume walioona kuwa wakubwa wao wanawasikiliza na kuwatendea uadilifu walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo pungufu kwa kadiri ya theluthi moja kuliko wenzao. Sisi tuliosoma tangu utotoni kuwa uadilifu ni amri ya Mwenyezi Mungu tusilione jambo hili kuwa dogo.

La nne ni *saa nyingi*. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza 2021 kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyozidi kwa asilimia 17, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40. Walikadiria kuwa watu 745,000 walikufa kwa sababu hiyo mwaka 2016. Mlinzi wa zamu ya saa 12, siku sita kwa wiki, anafika saa 72. Na kazi za zamu za usiku nazo zimehusishwa na maradhi ya moyo.

La tano ni *kukaa kitako*. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alionyesha kuwa madereva wa mabasi ya ghorofa ya London waliugua moyo zaidi kuliko makonda wao. Gari ni moja na njia ni moja, lakini kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima na dereva alikaa.

Tusizidishe wala tusipunguze

Uadilifu wa elimu unatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti walikusanya taarifa za watu karibu 200,000 wa Ulaya, wakaona kuwa dhiki ya kazi huzidisha hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 23 hivi. Ni ongezeko la kweli, lakini sigara huua zaidi. Kwa hivyo mvutaji asimsingizie mkubwa wake wa kazi, na mwenye presha asiache dawa akingoja kubadilishiwa kituo. Na tusisahau kuwa kukosa kazi kabisa nako huumiza. Kazi ya halali yenye heshima ni neema na ni kinga.

Wajibu wa mwajiri, na mwajiri ni nani

Tukisema mwajiri, wengi hufikiria mwenye hoteli au serikali. Lakini nyumba yenye msichana wa kazi ina mwajiri ndani yake. Duka lenye kijana wa kuuza lina mwajiri. Kamati ya madrasa ni mwajiri wa ustadhi. Na hapa tujisute wenyewe kwanza. Tulikuwa katika kamati iliyochelewesha posho ya mwalimu miezi mitatu, tukijipoza kwa kusema kuwa thawabu zake ziko kwa Mungu. Thawabu zake ziko kwa Mungu, ndiyo, lakini deni lake lilikuwa kwetu. Alipopimwa akaonekana na presha ya juu ndipo tulipojua kuwa alikuwa akikopa unga dukani na hapati usingizi. Hatuwezi kusema kuwa sisi ndio sababu ya presha yake. Tunaweza kusema kuwa tulimwongezea mzigo.

Mafunzo ya dini yetu katika hili yako wazi. Mtume (S.A.W.) ameagiza mfanyakazi alipwe ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, kama ilivyopokewa na Ibn Majah. Katika Bukhari na Muslim, Abu Dharr (R.A.) amepokea kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasikalifishwe kinachowashinda, na wakikalifishwa tuwasaidie. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka kumi na akashuhudia kuwa hakuwahi kuambiwa hata neno la kuchukizwa. Na katika Surat al-Qasas, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (A.S.) alimtajia muda na akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha.

Ukiyaweka mafunzo haya karibu na yale mambo matano, utaona kuwa ulipaji kwa wakati, mzigo wa kiasi, kauli njema na mapatano yanayojulikana ndiyo mambo yanayoulinda moyo wa mfanyakazi. Kwa vitendo, tunanasihi haya:

1. Lipa siku mliyokubaliana. Ukikwama, mwambie kabla, usimwache akabahatisha.
2. Weka siku ya mapumziko na uiheshimu. Msichana wa kazi anayelala ndani ya nyumba naye ana haki ya kumaliza kazi yake ikafika mwisho.
3. Muulize anayeifanya kazi namna bora ya kuipanga. Kuulizwa hakukupunguzii heshima yako.
4. Usimkaripie mbele za watu.
5. Mpe ruhusa ya kwenda kupimwa bila ya kumkata. Asubuhi moja ya hospitali ni rahisi kuliko kuwalea mayatima wake.

Wajibu wa mfanyakazi na familia yake

Presha haina dalili kwa watu wengi. Anayengoja kuumwa kichwa ndipo apime, anaweza kungoja hadi kiharusi. Kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na mwenye mzazi aliyeugua presha, sukari au moyo apimwe zaidi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na mtu akiwa ametulia, ni presha ya kutibiwa.

Dawa za presha huendelea hata ukijiona mzima, kwani uzima huo ndio kazi ya dawa. Usiache bila ya daktari, na usimpe jirani dawa yako. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo kwa siku kwa vyakula vyote, na mchuzi wa kwetu pamoja na samaki wa chumvi hulipita hilo kwa urahisi. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kwenda msikitini kwa miguu ni mwanzo mzuri kwa anayekaa dukani kutwa.

Kwa familia: msimpokee mtu mlangoni kwa madai. Mwache akae, anywe maji, kisha mzungumze. Ukimwona mumeo, mkeo au mzazi wako amebadilika, halali, hasira ziko karibu, anahema akipanda ngazi, usimwache mpaka akubali kupimwa.

Dalili zisizongoja

Mkimbizeni mgonjwa hospitali mara moja, iwe usiku au mchana, mkiona mojawapo ya haya:

- Kifua kubana au kuelemewa kwa dakika kadhaa, hasa maumivu yakienda mkono wa kushoto, shingo au taya.
- Kuhema kwa shida, jasho la baridi, kichefuchefu au udhaifu wa ghafla. Kwa wanawake mara nyingine haya huja bila ya maumivu makali ya kifua.
- Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kufa ganzi, au maneno kutatizika. Hizi ni dalili za kiharusi.

Msimwache ajipumzishe mpaka asubuhi, na msingoje kwanza kombe au dawa ya miti shamba. Dua isomwe njiani.

Masuali tunayoulizwa

*Suali: Je, kumeza dawa kila siku ni upungufu wa tawakkul?*

Jawabu: Hapana. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, akawaamrisha wajitibu. Mwenye kutegemea kwa Mungu hufunga ngamia wake kwanza. Dawa ni katika kumfunga ngamia.

*Suali: Mume wangu ana maradhi ya moyo na kazi yake inamzidishia. Je, aiache?*

Jawabu: Asiharakishe, kwani kutafuta chakula cha familia nako ni wajibu, na kukaa bila ya kazi kuna dhiki yake. Aanze kwa daktari, apate maandishi, kisha aombe kubadilishiwa zamu au kazi nyepesi. Ikiwa daktari mjuzi amesema kuwa kuendelea ni hatari kwa maisha yake, basi kuhifadhi nafsi kunatangulia, na jamaa wenye uwezo wamsaidie mpaka apate njia nyingine. Mlango wa rizki si mmoja.

*Suali: Mkubwa wangu wa kazi ananidhulumu mshahara. Je, subira ni kunyamaza?*

Jawabu: Subira si kukubali dhulma. Katika Hadithi Qudsi iliyomo ndani ya Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyeajiri mtu, akaipata kazi kamili na asimpe ujira wake. Basi dai haki yako kwa adabu. Anza na mkubwa wako mwenyewe, kisha wazee au sheha, na ikishindikana ipo Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005 na ipo Kamisheni ya Kazi. Kudai haki kwa njia ya haki hakuondoi thawabu za subira.

Mwisho

Yule mtoto wa mlinzi alituuliza suali moja kabla hatujaondoka makaburini: kama baba angekwenda kupimwa, angepona? Tulimwambia kuwa neno "kama" haliwafai wafiwa, na kwamba aliyokadiria Mwenyezi Mungu yamepita. Lakini sisi tuliobaki hai bado tunaulizwa kuhusu walio mikononi mwetu. Leo, baada ya kusoma haya, mtazame anayekufanyia kazi, na umtazame anayekuhangaikia nyumbani kwako. Muulize amepima lini mara ya mwisho. Na kama unadaiwa ujira wa mtu, usilale nao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na azijaalie kazi zetu kuwa za halali na zenye baraka. Wallahu aalam.